Motokari Isiyokunywa Esanse ya Assumani

Paluku Franck aliingia kwenye parcelle yangu mara ya kwanza bila mutu kumusikia. Na mimi masikio yangu iko mazima. Nilikuwa nimekaa mbele ya mulango nachambua majani ya pondu, nikainua macho: motokari kubwa nyeupe imesimama mbele yangu kama mbuzi aliyekuja kuomba maganda. Hakuna muungurumo, hakuna moshi, hakuna honi. Kijana mwembamba akatoka, akavua kofia, akaniita bibi: "Jambo, Koko. Mimi ni ule mutu wa Plamedie."

"Plamedie iko na watu wengi," nikamwambia. "Iko na mimi, iko na noko yake, iko na marehemu mama yake. Wewe ni mutu gani?"

"Ni mimi njo nilimuomba."

"Ulimuomba nani?"

"Yeye mwenyewe."

"Bon. Rudi inje, uingie tena na honi, nijue kuko mugeni."

Akarudi. Naapa, alirudi kinyumenyume mpaka barabarani, akapiga honi, akaingia upya. Plamedie alikuwa dirishani anacheka, mukono mudomoni. Mimi sikucheka. Mwanaume anayetii haraka hivyo, ama amelelewa vizuri, ama anaficha kitu. Kwa umri wangu nimeona wa namna ya pili wengi zaidi.

Ulikuwa mwaka ule Goma ilianguka mukononi mwa waasi. Vita haikuwa imefika kwetu Kisangani, lakini ilisikika, kwa bei ya vitu na kwa macho ya watu. Vitu vya kuruka bila mutu ndani, vyenye mabomu, vilikuwa vimekuja kutafuta uwanja wa ndege wa Bangboka, na tangu siku ile kila mutu wa kutoka mashariki alitazamwa mara mbili. Barière ziliota barabarani kama uyoga. Na kijana huyu alitoka wapi? Butembo. Na kazi yake ilikuwa nini? Shofere. Kwenda Bangboka na kurudi kila mara ndege inapotua, kuchukua mizigo ya bosi wake Papa Cyprien, mufanyabiashara wa kwao Kivu, anayeuza vitambaa kwa jumla kule Makiso. Motokari yenyewe Papa Cyprien aliinunua ikiwa imetumika kwa Wazungu ama kwa Wajapani, sijui. Ilipandia Kasindi, kwenye mupaka, ikapita Butembo, ikakata pori lote, ikatufikia sisi na kimya chake.

Sasa musikie shida yangu. Kwetu sisi watu wa maporomoko, watu wa samaki, binti haombwi na kijana. Anaombwa na wajomba wa kijana. Wanakuja, wanakaa, wanataja ukoo wao, nani alizaa nani. Halafu sisi tunatuma mutu kwao aulize majirani: nani aliiba, nani alipiga muke, nani alikufa na maneno mudomoni. Franck hakuwa na mujomba hata mumoja wa kuleta. Walikuwa Lubero, wengine wamekimbia, simu haipiti, na barabara ya porini ilikuwa ya kuchinjia watu. Alikuja na vinywaji na bosi wake tu. Bosi si ukoo. Bosi anajua kama unaamka mapema, hajui kama babu yako alikuwa mulozi.

Na Plamedie alimutaka. Ni mujukuu wangu. Mama yake alikufa akimuacha ananyonya, nikamulea mimi kwa samaki na kwa fimbo. Aliniambia, "Koko, ukikataa sitatoroka. Nitakaa hapa. Lakini nitakaa nikikutazama."

Maneno hayo ni mabaya kuliko kutoroka.

Tukapanga: Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, ukoo utajibu. Ndiyo ama apana. Ikiwa apana, vinywaji vyake vinarudi kwake, na yeye anasahau njia ya parcelle yangu. Mimi nilipaswa kumujua, mbele ya siku hiyo, mutu ambaye hana mutu wa kuulizwa. Alikuwa na motokari tu. Nikaamua kuuliza motokari.

Wa kwanza kusema alikuwa mwanangu Assumani. Nilimuzaa na bwana wangu wa pili, ule Muislamu wa Kabondo, njo sababu ya jina lake. Yeye njo noko ya Plamedie, kaka ya mama yake, na jibu la ukoo linapitia mudomoni mwake. Ni kadhafi: anauza esanse, mafuta ya motokari, kando ya barabara, kwa chupa na kwa jerikani, chini ya mwavuli wake mwekundu.

"Mama," akasema, "ule bwana mudogo anakunywa wapi?"

"Hanywi pombe. Nilimupa, akaomba sucré, soda ya watoto."

"Siulizi yeye. Nauliza motokari."

"Inakunywa kwako."

"Kwangu!" Akapiga mikono. "Ile ya zamani ya Papa Cyprien ilikuwa inakuja kwangu kila wiki kama mutoto kwa titi. Hii mupya, tangu ifike, hata chupa! Na Bangboka inaenda. Mama, esanse imekauka muji muzima, mashua za Kinshasa hazifiki, mimi kadhafi mwenyewe natembea kwa miguu. Yeye anapita, anaminya honi kidogo, 'Jambo noko.' Noko ya nani? Mutu asiyenunua kwangu, ananunua kwa nani?"

"Sema wewe."

"Mimi sisemi. Ila wale wa ng'ambo ya vita, wanasema hawakosi esanse."

Akaacha neno hapo, katikati yetu, kama mufupa wa samaki. Alikuwa na uchungu wa muuzaji, najua. Lakini muuzaji mwenye uchungu pia iko na macho.

Tangu siku ile nikaanza kumutazama namna anavyofika. Shofere wa Kisangani anakuja kasi, anapiga frein mulangoni, vumbi linaruka, watoto wanashangilia. Huyu, apana. Tangu kule mbali, kwenye shimo kubwa linaloshika maji ya mvua, motokari ilikuwa inaanza kupunguza mwendo polepole, polepole, kama paka anayenyatia, mpaka inasimama bila kelele. Mutu anayepunguza mwendo mbali hivyo anatazama kama kuko mutu anamungojea. Nani anamungojea Franck?

Nikamuuliza Plamedie. Akasema, "Koko, ni motokari njo inataka hivyo."

"Motokari haitaki. Mutu njo anataka."

Halafu Sandrine akaniletea ingine. Huyu tunauza naye samaki soko moja, na hana siri, hata yake mwenyewe. "Mama Félicité," akasema, "motokari nyeupe ya mukwe wako..."

"Sina mukwe."

"Bon, ya mugeni wako. Kila muchana inalala kwa Honorine."

Nilikuwa na samaki mukononi. Nikamurudisha kwenye beseni.

Honorine alikuwa mujane wa upande wa hospitali kubwa, kule Makiso. Anauza maji baridi na barafu ya sukari. Bwana wake alikufa, na huzuni yake iliisha mbele ya matanga. Muzuri? Nitasema ukweli: muzuri. Nikasimamisha toleka, nikakaa nyuma ya baiskeli, nikamwambia kijana akanyage. Njia nzima nilikuwa napanga maneno yangu, na yalikuwa maneno mazuri, ninasikitika hayakutumika.

Motokari ilikuwa kwenye parcelle ya Honorine, pua yake karibu na ukuta. Kutoka ubavuni mwake ilitoka kamba nene nyeusi, ikaingia ndani ya nyumba kwa dirisha. Na Franck alikuwa chini ya paa la mbele, kwenye kiti cha plastiki, amelala, kinywa wazi. Kitu cha kwanza nilichotazama ni miguu yake. Viatu alikuwa navyo, na kamba zake zimefungwa.

Honorine akatoka amevaa libaya yake ya maua. "Karibu, Mama. Umekuja kununua maji ama kununua kesi?"

"Nimekuja kuona. Huyu anafanya nini kwako?"

"Kwangu? Analala. Unamuona."

"Na kamba hii?"

"Inakula courant. Mama, hapa niko kwenye laini ya hospitali. Kwenu kunaweza kukaa giza wiki, kwangu taa inawaka, sababu kule ndani wanapasua watu. Bosi wake alikuja tukasikilizana. Kijana anachomeka kamba, motokari inakula umeme, yeye anasinzia, anaenda." Akaweka mikono kiunoni. "Unafikiri mimi sikujaribu? Siku ya kwanza nilimupikia. Akasema aksanti, nimeshiba. Siku ya pili nikavaa hii libaya, ilikuwa mupya. Akanitazama, nikasema, ah, sasa. Akasema, 'Yaya Honorine, leo courant yako iko na nguvu.' Courant! Mwanaume anatazama prise ya ukuta kuliko kunitazama mimi! Uende naye, Mama. Mimi nimechoka kutukanwa."

Mwanamuke anayemukana mwanaume kwa maneno matamu hivyo, huenda alijifunza maneno hayo mapema. Lakini kamba za viatu zilikuwa zimefungwa, hilo sikuweza kuliondoa.

Franck akaamka, akaniona, akaruka juu, kofia ikaanguka. "Koko!"

"Kaa. Nieleze kamba hii, na usinieleze kama mutoto."

Akanieleza. Motokari ile iko na vitu viwili vya kuisukuma: mashine ya esanse, na mota ya umeme. Ikishiba courant, inaweza kwenda Bangboka na kurudi bila kuamsha mashine. Courant ikiisha njiani, njo mashine inaamka, inakunywa kama zingine.

"Na siku courant haikutosha?"

"Njo naendesha kama muzee."

"Muzee gani? Mimi?"

"Samahani, Koko. Naachilia mapema. Kama naona mbele kuko shimo ama toleka, naondoa muguu mbali. Magurudumu yanaendelea kuzunguka, yanazungusha mota, na mota inarudisha courant kwenye batri. Nikingoja nipige frein ya nguvu, frein inapata joto, ile nguvu imepotea."

"Donc motokari inajizaa yenyewe. Wahubiri wa namna hiyo nimekwisha kuwasikia."

"Apana, Koko. Haizai kitu. Inaokota kidogo ya ile ilikuwa inaanguka."

Hapo nikamutazama vizuri zaidi. Muongo angesema inarudisha yote. Huyu alisema kidogo. Lakini kuko na waongo wenye akili pia, wanaosema kidogo ili umeze.

"Kesho unaenda Bangboka?"

"Ndiyo, Koko."

"Tunaenda wote. Na mudomo wa tangi ya esanse nitaufunga mimi. Tukirudi, nitajua kama ulikunywa njiani kwa mutu."

Watu wengine wangekasirika. Yeye akaokota kofia, akasema, "Ndiyo, Koko." Nikaongeza hilo pia kwenye mashaka yangu.

Asubuhi nikaja na kamba yetu ya pori, ile tunayofungia miti kwenye maporomoko, miti inayobeba vikapu vya samaki. Kamba hiyo ikilowa inakaza. Na fundo ni la baba yangu: mutu asiyezaliwa kwenye maji yale akilifungua, hawezi kulirudisha lilivyokuwa, hata akae mwaka. Franck akafungua mulango mudogo wa tangi. Nikazungusha kamba kwenye kifuniko, nikaipitisha kwenye chuma cha ule mulango, nikakaza kwa meno. Mulango haukufunga tena sawasawa, na mukia wa kamba ulibaki inje, murefu kama kidole.

"Inaonekana mubaya kidogo," Franck akasema.

"Iko muzuri."

Siku ile courant ilikuwa imekatika hata upande wa hospitali, na batri haikushiba. Esanse, mushale ulionyesha iko chini kabisa, na Assumani hakuwa na ya kuuza kwa mutu yeyote. Tukaenda hivyohivyo. Kwenda, sikusikia kitu zaidi ya mawe chini ya magurudumu. Nilijishika kwenye kiti. Motokari isiyo na sauti, huwezi kujua kama imekasirika.

Bangboka tukapakia mabunda ya vitambaa, tukageuka. Kwenye kioo mbele ya usukani kulikuwa na namba. Namba nazijua, sikuuza samaki maisha yangu yote bila kujua namba. Ile ilikuwa inaonyesha njia ambayo courant bado inaweza, na njia iliyobaki mpaka kwetu ilikuwa ndefu kuliko namba. Nikamungoja, nimutazame atafanya nini. Mwizi wa esanse njo hapa angeomba ruhusa kwenda kukojoa.

Hakuomba. Akaendesha kama muzee. Aliona mbali kundi la mbuzi, akaondoa muguu, tukateleza, tukapunguza. Tukateremuka pole kwenye kijito, na namba, ambayo ilikuwa inashuka, ikasimama pale pale. Halafu ikaongezeka moja. Nilisema kimoyomoyo, ah. Nilifikiri vikapu vyetu. Kikapu hakishiki muto. Muto unapita, una haraka zake. Kikapu kinashika kile ambacho maji yenyewe yanaleta, na kwa hicho tumekula tangu mababu. Lakini sikumwambia. Mutu hapewi sifa mbele ya kufika nyumbani.

Nikamuuliza tu, "Nani alikufundisha woga huu?"

"Baba yangu, Koko. Alikuwa anaendesha lori ya maharagwe. Kule kwetu kuko muteremuko mukubwa, Kabasha. Akifika juu alikuwa anazima mashine, lori ishuke yenyewe, apate kuokoa esanse. Alifanya hivyo miaka. Siku moja frein zilipata joto mpaka hazikushika tena." Akagusa kofia. "Walituletea hii."

"Na wewe pia unaokoa esanse."

"Mimi pia. Ila mimi muteremuko naushika. Siachi unishike."

Ndiyo mara ya kwanza nilisikia neno la ukoo wake, na hakuna mutu wa kuniambia kama ni kweli. Lakini kofia ilikuwa kubwa kwake. Hilo nilikuwa nimeliona tangu siku ya kwanza.

Mbele tukaona barière. Na Franck, kama desturi yake, akaondoa muguu mbali sana.

Askari wawili walikuwa wamesimama kwenye kamba, na watu wamejaa: toleka, wamama wenye beseni za mihogo, mutu na nguruwe. Askari mukubwa, ule wa miwani, alikuwa ametutazama tangu tulipoanza kupunguza. Akaja upande wa Franck.

"Kwa nini ulipunguza kule?"

"Ni namna ya motokari, chef. Inarudisha..."

"Nilikuuliza motokari? Unaona barière, unapunguza mbali. Ulitaka kugeuka?"

"Apana, chef."

"Zima mashine."

"Imezimwa, chef. Yaani... haijawaka."

"Haijawaka na ulikuwa unatembea?" Akamwita mwenzake. "Njoo usikie huyu. Anatembea na motokari imezimika. Shuka! Karatasi!"

Alisoma karatasi, akasoma jina. "Paluku. Wa kutoka wapi?"

"Butembo, chef."

"Butembo." Alisema kama mutu anayeonja supu yenye muchanga. Akaanza kuzunguka motokari. Akafika nyuma, kwenye tangi, akasimama. Alikuwa ameona mukia wa kamba yangu.

"Hii ni nini?"

Mwenzake akaja, akarudi nyuma. "Chef, usiguse! Ni fétiche, ni dawa."

"Ama waya ya kulipua," akasema mukubwa. Watu wa toleka wakasogea mbali, na yule wa nguruwe akawa wa kwanza. "Nani alifunga hii?"

Franck alijua ni nani. Nilikuwa nimekaa pale, kwenye kiti cha mbele, na kamba iliyobaki iko magotini pangu. Neno moja tu, ni huyu bibi, na angekwenda zake. Akasema, "Ni mambo ya nyumbani, chef."

"Nyumbani wapi? Kwenu Butembo?"

Franck akatazama chini.

"Bon," akasema askari. "Unatoka mashariki, motokari yako haisikiki, ukituona unanyatia, na esanse yako umeifunga dawa. Utaenda kueleza Kapalata, kwenye kambi. Wewe, mobange, shuka. Utapata toleka ya kukurudisha."

Watu waliopelekwa Kapalata mwaka ule bila mutu wa kuwafuata, sisi wote tulijua wanakaa muda gani. Wanakaa mpaka mutu awafuate. Na huyu, nani angemufuata? Wajomba wa Lubero?

Nikashuka. Polepole, sababu magoti si ya haraka. Nikaenda mpaka kwenye tangi, nikashika mukia wa kamba, nikavuta mara moja. Fundo la baba yangu linafunguka mara moja tu kwa mukono unaolijua. Kifuniko kikabaki uchi.

"Fétiche yako hiyo," nikamwambia askari. "Ni kamba ya samaki. Niliifunga mimi, Félicité wa kwenye maporomoko. Mama yako alikufundisha kumwita bibi mobange, kizee, hakukufundisha kumusalimia?"

Wamama wa mihogo wakacheka. Askari akavua miwani. "Na kwa nini bibi anafunga tangi ya mutu?"

"Ili nijue kama ni mwizi."

"Na ni mwizi?"

"Mpaka hapa, apana."

"Mpaka hapa!" Akawageukia watu, wakacheka tena, lakini yeye hakuwa anacheka. "Sasa, Koko, unijibu vizuri. Wewe kwake ni nani? Abiria? Jirani? Kama ni abiria, yeye anaenda Kapalata na wewe unaenda nyumbani."

Nilimutazama Franck. Alikuwa amesimama kofia mukononi, na bado hakuwa amesema jina langu.

Kwa jamaa yetu kuko neno moja ambalo halichezewi. Mbele ya ukoo kujibu, mwanaume ni mugeni, hata akikuchimbia kisima. Siku bibi wa nyumba anamwita bokilo, mukwe, mbele ya watu wengine, imekwisha. Hakuna kikao kinachoweza kulirudisha neno hilo, wala noko, wala padri. Mama yangu alimutesa bwana wangu wa kwanza mwaka muzima kwa kutolisema.

"Ni bokilo wangu," nikasema. "Iko na mujukuu wangu. Ukimupeleka, tunaenda wote, na nitakaa mulangoni pa kambi yenu na kiti changu, na wajukuu wangu wote watakuja kulia hapo, na samaki wetu mutanunua kwa nani?"

Mwanamuke mumoja wa mihogo akapiga kigelegele. Wengine wakamufuata. Ule wa nguruwe akarudi karibu.

Askari mukubwa akatazama watu, akatazama kamba mukononi mwangu, akarudisha karatasi. "Bokilo wa Mama Félicité," akasema. "Ndoa ni siku gani?"

"Jumamosi," nikasema. Nini ingine ningesema?

"Alors, musitusahau hapa. Na wewe, kijana! Ukituona, fika kama watu wengine. Piga frein!"

"Ndiyo, chef," Franck akasema. Yeye ni mutu wa ndiyo.

Tulipofika nyumba za kwanza za muji, kitu kikakohoa chini ya miguu yangu, motokari nzima ikatetemeka kidogo, ikaanza kunguruma kama motokari ya Mukristo.

"Ni nini?"

"Courant imeisha, Koko. Ni mashine. Sasa inakunywa."

"Ah," nikasema. "Afadhali." Tangu hapo nikakaa vizuri kwenye kiti.

Habari ilifika mbele yetu. Toleka ina miguu myepesi kuliko motokari ya mutu anayepunguza kila shimo. Plamedie alikuwa amesimama barabarani, na alinishika shingo mpaka nikamwambia anaivunja. Assumani alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

"Mama! Ukoo unakaa Jumamosi, wewe unamutoa mutoto ku barière? Mbele ya nguruwe?"

"Ondoka kwenye kiti changu."

"Na mimi noko nitajibu nini sasa?"

"Utajibu ndiyo. Utajifanya umefikiri."

Jumamosi wakakaa. Papa Cyprien njo alisimama kwa ukoo wa Franck, na suti yake. Simu ya Lubero ilipita dakika kidogo, sauti ya muzee mumoja ikasema ndiyo, ndiyo, mutoto ni wa Kambale wa lori, halafu ikakatika. Kambale wa lori. Donc lori ilikuwa ya kweli. Wakatoa mahari: vitu vya marehemu mama, vitu vya bibi. Kwa vitu vya noko, Franck akatoka inje, akarudi amebeba jerikani, ya njano, imejaa mpaka shingoni. Esanse. Wiki ile, muji muzima ulikuwa haujaona hata tone la esanse.

Assumani akafungua kifuniko, akanusa, uso wake ukang'aa kama wa mutu aliyeona marehemu anarudi. Akasema ndiyo mbele hata ya kuulizwa.

Mimi nikauliza, "Imetoka wapi?"

Papa Cyprien akaeleza: alikuwa anamupa Franck esanse ya wiki, ya mapipa yaliyokuja na motokari mupya, kwa kipimo cha ile ya zamani, na kila wiki Franck alikuwa anarudi na ile iliyobaki, akisema, Papa, hii haikutumika, mwishoni yeye akamwambia aiweke, asiitie motokarini, itamusaidia siku ya mahari. Wote wakasema eeh, mutoto wa watu, mwaminifu. Wakapiga mikono.

Sikupiga mikono. Nilisimama, nikainama kwenye jerikani, nikainusa mimi mwenyewe. Ilikuwa esanse. Nikamutazama Franck. Akavua kofia.

"Koko," akasema, "unataka kuifunga?"

Watu wakacheka sana. Kamba nilikuwa nayo kwenye kitambaa cha kiuno, nikaitoa, nikafunga jerikani.